Nani Alitia Chumvi

Kuku alikwisha kuliwa, na mtoto alikuwa bado hajaguswa.

Wanawake wanne walikaa mkekani, migongo ukutani, miguu wameinyoosha, wakichokonoa meno kwa njiti walizozinyofoa kwenye ufagio wa mwenye nyumba. Katikati yao palikuwa na sahani ya bati iliyojaa mifupa, mafuta yameanza kuganda pembeni. Kwenye kona, juu ya ungo, alilala kichanga amefunikwa kitenge cha samawati. Nzi hawakubagua. Walitua kwenye mifupa, wakanyonya, wakapaa hadi kwenye ungo; Lonesi alipowapungia tawi la mpera, walirudi kwenye mifupa. Alimwona mmoja akijipangusa miguu juu ya ukingo wa sahani, kisha akaruka kuelekea uso wa mjukuu wake.

"Ulikuwa na kuku mwema, NaPhiri," Biliati alimwambia Lonesi kwa jina la ukoo wake, akijipaka mafuta ya vidole kwenye miundi yake. "Wengine wakifiwa wanatuchinjia kuku wa mdondo."

"Mama kungwi nanyi!" Zelia alicheka hadi mkeka ukatikisika, maana alikuwa mnene wa kutosha. "Hapa kuna mfiwa gani? Kichanga hata kitovu hakijadondoka, huo nao ni msiba?"

"Kweli. Si msiba. Ni kazi tu."

Na kweli, pale kijijini Chimphepo kifo kama hicho hakikuitwa msiba. Ngoma haikupigwa, majivu hayakumwagwa njiani, na wanaume hawakuitwa. Mtoto aliyerudi kabla ya kitovu kudondoka aliachiwa wanawake waliokwisha kuzaa. Walimwosha, wakambeba mgongoni kama anayelala, wakamteremsha bondeni kwenye udongo wa maji, ili tumbo la mama yake libaki baridi. Mama hakuruhusiwa kulia kwa sauti. Baba hakuruhusiwa kuona. Biliati ndiye aliyeisimamia kazi hiyo, kama alivyosimamia ile nyingine ya kuwapokea. Hakuna mtu kijijini ambaye mikono ya Biliati haikumgusa siku ya kuja, na wengi walijua kwamba ndiyo itakayowagusa siku ya kwenda.

"Basi mama kungwi," Lonesi alisema, "kama mmeshiba, jua linapanda. Tumwoshe mtoto."

Biliati hakuharakisha. Alivuta bakuli la mlenda uliobaki, akachovya kidole, akakilamba taratibu huku amefumba macho, kama mtu anayesikiliza jambo kwa mbali.

"Mlenda una chumvi," alisema.

Njiti ziliacha kuchokonoa.

"Nani alitia chumvi?"

Nyuma ya pazia la gunia, pale alipolala Tiyamike, mama wa mtoto, kitanda cha kamba kililia mara moja kikanyamaza.

Lonesi alihisi tawi la mpera limekuwa zito. Swali hilo kila mwanamke wa Chimphepo alilijua tangu unyagoni. Nyumba yenye kichanga haitiwi chumvi na mkono wowote tu. Mzazi haigusi. Mwanamke anayelala na mume haigusi. Moto wake hupita kwenye chumvi, chumvi hupita kwenye mboga, na mboga humkata mtoto. Chumvi hutiwa na kibinti asiyejua kitu, au na mkongwe ambaye moto wake umezimika. Nyumbani kwa Lonesi hapakuwa na kibinti. Tangu Tiyamike arudi kutoka zahanati na mwanawe, aliyetia chumvi ni Lonesi, mjane, na Biliati mwenyewe ndiye aliyemwagiza.

"Ni mimi, mama kungwi. Mnajua kwamba ni mimi."

"Wewe." Biliati alikohoa, akatema pembeni ya mkeka, akafukia kwa kisigino. "Na mtoto amekufa amekazana kama upinde, taya limejifunga, hata titi halikuingia. Hiyo ni nini, akina mama?"

"Chumvi," wakaitikia wale wengine, kama watu wanaoitikia sala.

"Mimi sisemi neno. Nauliza tu. Moto wako, NaPhiri, ulizimika kweli tulipomzika mumeo? Au kuna mtu anaupulizia?"

Zelia alijifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yakicheka.

---

Asubuhi ikawa mchana. Bati la nyumba likaanza kulia kwa joto. Hakuna aliyeinuka.

Nje, chini ya upenu, alikaa Layison, mume wa Tiyamike. Alikuwa ameushikilia mpira wa baiskeli tangu alfajiri, haupulizi wala hauzibi. Yeye alikuwa mwanamume aliyeoa akahamia kwao mke, akajenga kwenye ardhi ya mkewe, na mwanamume wa namna hiyo hana sauti uwanjani kwa watu. Asubuhi alikuwa amesogea mlangoni akauliza kwa adabu, "Wazazi, naweza kumwona hata mara moja?" Zelia akamjibu, "Umwone ili iweje, mkwe? Umenyonyesha?" Wanawake wakacheka. Layison akarudi kwenye mpira wake.

Sasa Biliati alikuwa ameshusha sauti, tamu kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

"Lonesi, mwanangu. Sisi hatukuchukii. Wewe ni mwenzetu, mara ngapi tumeteremka bondeni pamoja? Taja mtu, yaishe. Utatoa mbuzi wa kupoza moto, tutamchukua mtoto, kila mmoja arudi kwake."

"Nimtaje nani na hakuna mtu?"

"Si lazima awe wa hapa. Taja aliyekwenda migodini Joni, huko Afrika Kusini. Aliyekwenda Joni nani atamwuliza?"

"Au taja marehemu," Zelia akamsaidia. "Enifa si alimtaja marehemu? Yalikwisha siku ile ile, na firigisi tukala."

Lonesi aliinamisha kichwa. Firigisi ile aliila yeye. Siku ile kilipokufa kichanga nyumbani kwa Enifa, alikaa upande wa wanaouliza, si upande wa anayeulizwa. Alishika sahani, akaitikia "chumvi" pamoja na wenzake, na Enifa alipomtaja mume wa jirani aliyekuwa kaburini, Lonesi alicheka, si kwa ubaya, alicheka tu kwa sababu wengine walicheka. Tangu siku hiyo Enifa hakukanyaga tena nyumba ya mzazi. Binti yake mwenyewe alipojifungua, alisimama nje ya ua kama mwombaji, akasikia kilio cha mjukuu wake kupitia ukutani.

Hiyo ndiyo ilikuwa bei, kubwa kuliko mbuzi. Aliyetaja hakuruhusiwa tena kuingia anapozaliwa mtu. Tiyamike akishika mimba nyingine, angejifungua mikononi mwa Biliati peke yake, na mama yake nje ya ua.

Pazia la gunia likasogea. Tiyamike alisimama akijishikilia mlangoni, miguu mitupu, kifua cha nguo kimelowa maziwa hadi kiunoni. Macho yake yalikuwa makavu, kama alivyoamriwa.

"Mama, mtaje tu mtu," alisema.

"Tiya, rudi ukalale."

"Mtaje yeyote. Nzi wanamla, mama. Nawasikia nikiwa kule. Mtaje wamchukue." Akamgeukia Biliati. "Mama kungwi, mimi sijui kama mama yangu ana mtu. Labda anaye. Mchukueni mtoto."

"Mmesikia?" Biliati aliwaambia wenzake. "Mtoto wa kumzaa mwenyewe."

Neno lile lilimpiga Lonesi mahali ambapo hakujua pana jeraha. Alimtazama bintiye, akatazama yale maziwa yanayodondoka sakafuni tone kwa tone. Alifungua mdomo. Jina lilikuwa tayari ulimini, jina la kijana mmoja aliyekwenda Joni zamani akapotelea huko, hana mke wala mama wa kusumbuliwa. Ni jina tu. Lingetoka kama mate.

Hapo nzi akaingia chini ya kitenge cha samawati na hakutoka.

Lonesi aliinuka.

---

"Unakwenda wapi?" Biliati aliuliza.

"Kumwosha mtoto."

"Haoshwi mtu kabla neno halijasemwa!"

Lonesi alishateka maji ya vuguvugu kutoka kwenye chungu. Aliangaza huku na huku kutafuta kipande cha sabuni alichokiweka juu ya kinu asubuhi. Hakikuwapo. Kilikuwa chini ya paja la Zelia, ncha yake ya kijani ikichungulia.

"Sabuni ni haki ya mikono yetu," alisema Zelia, bila kuondoa paja.

"Ikae."

Akapiga magoti mbele ya ungo, akafunua. Alianza usoni, kama anavyoanzwa mtoto hai. Akapitisha maji kwenye masikio madogo, chini ya shingo, kwenye makwapa. Ngumi zilikuwa zimefumbwa. Akazibembeleza kidole kimoja kimoja mpaka zikafunguka, na ndani ya kiganja kulikuwa na uzi wa blanketi la zahanati, mwekundu. Tiyamike alikuwa amesogea, ameshika beseni.

Akafika kwenye kitovu.

Kitambaa kilikuwa kimegandamana. Alikilowesha, akasubiri, akakivuta polepole. Harufu ikapanda. Wanawake wote wanne waligeuza nyuso kwa pamoja, na Zelia akaziba pua kwa mkono uleule wenye mafuta ya kuku. Chini ya kitambaa palikuwa na donge jeusi: udongo wa kiota cha nyigu uliopondwa na masizi ya chungu. Pembeni yake ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa, na usaha umejipenyeza kati ya donge na nyama.

Lonesi alilikumbuka donge hilo. Taa aliishika yeye usiku ule lilipobandikwa. Tiyamike alisema, kwa woga, "Muuguzi alituambia tusitie kitu chochote," na Biliati akacheka: "Zahanati wamefunga kitovu kama mfuko wa sukari, halafu wanakufundisha. Mimi na muuguzi wako, nani alikupokea wewe duniani?" Kisha akatema mate kwenye udongo, akaukanda kwa kidole gumba, akaubandika. Lonesi aliona mate yale. Moyo ulimkataa, na mdomo ukanyamaza, kwa sababu mdomo wa nani unamkatalia kungwi?

Sasa alilibandua lile donge, zima zima. Akaosha mahali pale mara moja, mara mbili, mpaka maji yakawa maji. Akamfunga mtoto kitenge kisafi. Kisha akainuka na donge kiganjani, akaenda hadi mkekani, akalitua katikati ya sahani ya bati, juu ya mifupa ya kuku.

"Mama kungwi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya adabu, ile ya kumkaribisha mgeni chakula. "Mmeuliza chumvi. Hii hapa. Onjeni."

"Nini?"

"Onjeni. Mlenda mliuonja mkajua una chumvi. Na hii mtaijua. Kama kilichomkata mjukuu wangu ni chumvi yangu, itakuwa humu, maana hapa ndipo alipoanza kuoza. Onjeni mniambie, nami nitataja mtu. Nitawataja hata wawili."

Hakuna aliyecheka. Biliati aliitazama sahani. Nzi walikuwa wamekwisha kufika.

"Lonesi, unanitukana mimi? Mimi niliyekutoa tumboni kwa mama yako?"

"Mlinitoa. Nashukuru. Onjeni."

"Una wazimu. Msiba umekupanda kichwani."

"Si msiba, mama kungwi. Ni kazi tu."

Biliati alisimama kwa shida, akishika ukuta. Kwa kitambo kidogo alionekana mkongwe tu, mwanamke aliyeamka alfajiri na ambaye magoti yanamuuma. Lakini aliona wenzake wanamtazama, akajikaza.

"Haya. Mzikeni wenyewe. Tuone kama kuna mwanamke wa Chimphepo atakayeshika jembe kwa ajili ya nyumba hii. Na wewe msichana," alimwambia Tiyamike, "siku ukiumwa uchungu tena, usinitumie mtu."

"Sitatuma," alisema Tiyamike.

Wakatoka mmoja mmoja. Zelia alikuwa wa mwisho. Alirudi kutoka mlangoni, akachukua paja la kuku alilokuwa amejifichia kwenye chungu cha mboga, akalifunga kwenye jani la mgomba pamoja na sabuni, akatoka bila kumtazama mtu.

---

Lonesi alimbeba mjukuu wake mgongoni, akamkaza kwa kitenge kama anayelala, kichwa kikiwa kimeegemea kati ya mabega. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na katika yote aliyofundishwa hilo lilibaki zuri: mtoto asiende peke yake, aende mgongoni. Akachukua jembe.

Layison alikuwa amesimama uwanjani. Mpira wa baiskeli ulikuwa chini. Mkwe na mkwe hawasemezani ana kwa ana, na hawakusemezana. Lonesi alisogea hadi karibu yake, akasimama. Kisha akamgeuzia mgongo.

Kumpa mkwe mgongo ni tusi. Layison aliona kofia ndogo ya sufu, shavu, kope. Hakugusa. Alisimama hapo muda aliopewa, na Lonesi hakuharakisha, alitazama mahindi mbele yake na kusikia nyuma yake mwanamume anavyovuta pumzi kwa pua. Katika nyumba ya jirani, mtu alifunga dirisha kwa kishindo ili aonekane ameona.

Bondeni udongo ulikuwa mzito na mweusi, wenye harufu ya mizizi. Alichimba akiwa amembeba. Kila jembe liliponyanyuka kichwa kile kidogo kiligonga mgongo wake, polepole, kama mtoto anayedai titi. Maji yakajaa shimoni. Akahama, akachimba tena. Yakajaa tena.

"Unachimba kama unayetafuta mihogo. Hapo mvua ya kwanza itamfukua."

Enifa alikuwa kwenye kijito, mbele kidogo, na rundo la majani ya maboga kapuni. Alipandisha nguo magotini, akavuka.

"Enifa..."

"Sikuja kwa ajili yako. Firigisi ya kuku wangu uliila wewe."

"Niliila."

"Ulicheka pia."

"Nilicheka."

"Basi nyamaza, nipe jembe." Alikwenda hadi chini ya magugu marefu, pale ardhi ilipopanda kidogo, akaanza. Alichimba kwa nguvu na ufundi wa mtu aliyelifikiria shimo kwa muda mrefu. "Huku udongo unashika. Wangu yuko hapo, penye jiwe. Hawa wenzako walimweka kule ulikokuwa, nikarudi mwenyewe baadaye nikamhamisha. Hakuna anayejua. Ukisema nitakukata."

"Sitasema."

Walimshusha pamoja. Enifa alipanga majani ya maboga chini, akapanga mengine juu, ili udongo usimfikie usoni moja kwa moja. Lonesi alitaka kusema neno, neno lolote ambalo husemwa, akakuta kwamba kwa mtoto kama huyu hakuna neno lililowahi kutungwa. Wakafukia kwa mikono.

"Nilimtaja marehemu," Enifa alisema, akiosha kucha kijitoni. "Mjane wake hanisalimii mpaka leo. Nawe umemtaja nani?"

"Sikumtaja mtu."

Enifa aliacha kuosha.

"Kumbe iliwezekana," alisema.

Akajitwika kapu lake lililobaki tupu, akaondoka bila kuaga.

---

Lonesi aliporudi, sahani ya bati ilikuwa imetupwa shimo la taka na mkeka umepigwa maji. Layison alikuwa amewasha moto mwenyewe. Tiyamike alikaa jikoni, kifua amekifunga kitambaa, macho mekundu. Alikuwa amelia kwa sauti, na majirani walikuwa wamesikia, na paa lilikuwa bado juu ya ukuta.

"Mama," alisema, "nilisema labda unaye mtu."

"Nilikusikia."

"Nilitaka tu wamchukue."

"Najua."

Lonesi alipika usipa, wale dagaa wa ziwani, na sima. Mboga ilipochemka, alinyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, mkono ukasita juu yake. Aliutazama mkono huo, na udongo mweusi uliobaki kwenye kucha. Kisha akalichukua kopo lote, akamkabidhi bintiye.

Tiyamike alilipokea kama kitu cha moto. "Mimi? Mama, mimi siruhusiwi mpaka..."

"Tia."

"Na yeye atakula?"

Layison, aliyekuwa amekaa mlangoni amegeuza uso kwa heshima, alinawa mikono, akasogeza bakuli lake karibu na moto.

Tiyamike aliinamisha kopo. Chumvi ikamwagika zaidi ya alivyotaka, konzi nzima, ikazama kwenye mchuzi. Akapakua. Layison alimega tonge, akachovya, akala. Lonesi naye akala, na Tiyamike akala.

Ilikuwa imezidi mno, hata ulimi uliwawasha. Waliimaliza.